Matundu Sita Ukutani

Mwezi uliopita mamaangu alinipigia simu akaniambia nije nyumbani na nguo za kazi. "Ukuta unataka rangi," akasema, "lakini kwanza kuna matundu ya kuziba. Matundu ya babaako." Basi nikaenda, nikahesabu. Yalikuwa sita: matatu sebuleni, moja chumba cha wazee, moja katika chumba kilichokuwa changu, na moja katika chumba cha mdogo wangu. Kila tundu lilikuwa na upana wa kidole, na ndani yake kipande cha waya mweusi kilichokatwa, kimechungulia kama mkia wa panya.

Kwa wale mliokua na intaneti tu, nieleze. Hizo ni nyaya za dishi. Kila nyumba ya wazee wetu ninayoijua, London au Maskati, Leicester au Dubai, iliwahi kuwa nazo. Zilipita juu ya ukuta, chini ya zulia, pembeni mwa dirisha. Ukuta ulikuwa umeshapigwa lipu na rangi kabla sisi hatujafika, na waya ikabidi utafutiwe njia.

Nataka kusimulia historia ya waya huu, na si kwa sababu napenda mafundi. Nilipokuwa nimepiga magoti na kopo langu la lipu, nilianza kuona kwamba yale matundu yanaeleza jambo ambalo tumelizungumza sana kwenye podikasti bila kulipatia jibu: kwa nini mimi nazungumza Kiswahili na mdogo wangu hazungumzi. Na moja kati ya matundu sita nililitaka mimi mwenyewe.

Satelaiti iliyokaa juu ya Kenya

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyekuja kujulikana zaidi kwa riwaya zake, aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha. Ukiwa chini utakiona kama kimesimama pale pale. Vyombo vitatu vya namna hiyo, alisema, vinatosha kuifikia karibu dunia nzima. Ndiyo maana dishi la nyumbani halizunguki: fundi analielekeza mara moja, anakaza nati, anaondoka.

Miaka 30 baadaye likatokea jambo ambalo napenda kulisimulia kila nikipata nafasi. NASA ilikuwa na satelaiti iitwayo ATS-6. Mwaka 1975 waliisogeza mpaka longitudo 35 mashariki, yaani juu ya Kenya, ili India iitumie kwa mwaka mmoja. Kutoka pale juu ilirusha vipindi vya elimu, kilimo na afya kwenda vijiji kama 2,400 vya India. Kila kijiji kilipewa dishi la wavu wa waya, lenye upana wa mita 3 hivi, na televisheni moja. Moja tu, na wanakijiji wakakaa mbele yake pamoja.

Huku Uingereza, katika mji wa Sheffield, mhandisi aitwaye Steve Birkill alijitengenezea dishi lake mwenyewe nyumbani akavinasa vipindi vile vile vya vijiji vya India. Alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa huku kupata televisheni ya satelaiti kwa vifaa vya kujitengenezea. Kwa hiyo miaka mingi kabla wazee wetu hawajaanza kugombana na wenye nyumba juu ya madishi, picha za India zilikuwa zinapita juu ya Kenya na kushukia Sheffield.

Babaangu wakati huo alikuwa mtoto Unguja. Zanzibar ilianza televisheni mapema katika miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati bara hakukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Lakini kuwa na kituo si kuwa na televisheni nyumbani. Mzee anasema mtaani kwao kulikuwa na seti moja, na mwenyewe alikuwa akiifungulia dirisha jioni ili watu waangalie kutoka barazani. "Ukichelewa," anasema, "unaangalia kisogo cha mtu."

Shikeni hilo, nitalirudia.

Dishi ndani ya ndoo

Mimi nilizaliwa London mwaka 1989, mwaka ule ule televisheni ya satelaiti ilipoanza kuuzwa kwa nguvu kwa watu wa kawaida hapa Uingereza. Tarehe 5 Februari Sky ya Rupert Murdoch ilianza kurusha kupitia satelaiti ya Astra. Mwaka uliofuata akaja mshindani wake, BSB, na dishi lake la umbo la mraba. Kabla mwaka 1990 haujaisha kampuni hizo mbili zilikuwa zimeungana, na mwenye dishi la mraba akabaki na pambo.

Sisi tulikuwa kwenye fleti ya kupanga, ghorofa ya nne, London ya mashariki. Mkataba ulikataza kufunga kitu chochote kwenye ukuta wa nje. Mzee hakuwa na haja ya filamu za Sky. Aliwahi kufanya kazi Maskati miaka michache, Kiarabu anakielewa, na alichokitaka ni habari. Mwaka 1991 ilianzishwa MBC, idhaa ya Kiarabu iliyokuwa ikirusha kutoka hapa hapa London, na baada ya hapo idhaa za Kiarabu za bure zikazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Basi akafanya walivyofanya wengi. Alichukua ndoo ya rangi iliyokwisha, akasimamisha bomba katikati, akamimina saruji, akaacha ikauka. Dishi likafungwa kwenye bomba na ndoo ikawekwa barazani, hapo kwenye kibaraza chetu kidogo, bila kugusa ukuta wa mtu. Waya ukapita dirishani. Dirisha likawa halifungi vizuri, na mamaangu akaziba upenyo kwa khanga iliyochakaa. Majira yote ya baridi khanga ile ilikuwa pale, imelowa kwa nje, kavu kwa ndani.

Barua ikaja: dishi liondolewe. Mzee akaandika kueleza kwamba halikufungwa popote, limesimama tu ndani ya ndoo. Barua ya pili ikaja, kali zaidi. Akalishusha. Namkumbuka akiukunja waya taratibu, mizunguko mikubwa mikubwa, kwa sababu waya wa dishi ukiukunja kwa nguvu unaharibika ndani. Hakusema kitu. Ndoo ilibaki pale, mamaangu akawa anaweka juu yake chungu cha mrehani.

Miaka mingi baadaye nikasoma kesi moja ambayo ningependa mzee angekuwa nayo mkononi siku ile. Huko Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, familia yenye asili ya Iraq na watoto watatu ilikuwa na dishi kwenye fleti ya kupanga. Mwenye nyumba alitaka litolewe, wao wakakataa, mahakama za Sweden zikampa haki mwenye nyumba, familia ikahama. Wakaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Tarehe 16 Desemba 2008 mahakama ikasema haki yao imevunjwa, haki ya kupokea habari. Ilieleza kwamba kwa familia ya wahamiaji inayotaka kuendelea kuwa karibu na lugha na utamaduni wa kwao, vipindi vile ni jambo zito, na wala si habari za siasa peke yake, hata burudani imo.

Niliposoma hukumu ile nilikuwa na miaka zaidi ya 20, na nilimpigia mzee simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wao walikuwa na moyo. Sisi tulikuwa na barua mbili tu, tukaogopa."

Tundu la kwanza

Mwaka 2001 wazee wakanunua nyumba. Nyumba ya zamani ya matofali mekundu, imeshikana na ya jirani kulia na kushoto, ukuta wa matofali mawili, unene wa sentimita 23 hivi, ndani umepigwa lipu laini na rangi ya maziwa. Kitu cha kwanza mzee alichofunga, kabla ya pazia, ni dishi.

Alimwita ami mmoja, rafiki yake, fundi. Ami akaeleza njia nne za kupitisha waya katika nyumba iliyokwisha kumalizwa. Ya kwanza, kuzungusha nje, kwenye matofali, na kuingia kwa tundu moja pale pale ilipo televisheni. Ya pili, kufunua zulia na mbao za sakafu na kupita chini. Ya tatu, kuubana waya juu ya ubao wa chini ya ukuta, uonekane. Ya nne, kuchukua tindo na nyundo, kuchimba mfereji kwenye lipu, kuuzika waya, kupiga lipu upya na rangi upya. "Hii ya nne ndiyo nzuri," akasema ami. "Hutaona kitu."

Mzee akakataa. "Ukuta hauchimbwi. Nyumba hii ni ya kuuza siku tutakayorudi."

Nilidhani ni ubahili. Baadaye nilipokwenda Unguja nikaona nyumba ya bibi, Mji Mkongwe: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno, na nyaya zote za umeme zimepita juu juu. Pale hakuna mtu anayechimba ukuta kwa ajili ya waya. Lakini nadhani aliyoyasema mzee yalikuwa kweli pia. Ukizika waya ndani ya ukuta umeshaamua kwamba unakaa. Waya wa juu juu unang'oka siku yoyote.

Kwa hiyo tundu la kwanza likatobolewa kutoka ndani kwenda nje, kwa keekee ndefu, likiinama kidogo kuelekea nje ili mvua isiingie. Nje, kabla waya haujaingia, ami aliuacha uning'inie kidogo uwe na tumbo, maji yadondoke pale badala ya kuufuata mpaka ndani. Akaziba kwa silikoni. Waya mmoja, kisanduku kimoja, televisheni moja, sebule moja.

Na hapo ndipo tulipojifunza Kiswahili.

Nisikilizeni vizuri, maana Kiswahili chenyewe hakikupita kwenye waya ule. Vilikuja Kiarabu na Kiingereza. Lakini televisheni ilikuwa moja na watu tulikuwa watano. Bibi alikuja kukaa nasi, na Kiingereza hakukijua. Mzee alikuwa anatafsiri habari za Kiarabu kwa sauti: anasema wamekutana, anasema wamekataa, anasema vita. Mamaangu alikuwa anamtafsiria bibi tamthilia za Kiingereza, na anaongeza chumvi. Mimi nikawa natafsiri mpira. Kugombania rimoti, kubembeleza dakika tano zaidi, kumlalamikia mtu aliyekaa mbele: yote kwa Kiswahili, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa hakimu. Ilikuwa baraza ya babaangu, imehamia London.

Kwa nini waya mmoja hautoshi

Sasa nieleze kidogo jambo la ufundi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa matundu yaliyofuata.

Mawimbi yanayotoka satelaiti yana kasi kubwa sana ya mtetemo, gigahezi 10 mpaka 12 na zaidi. Ukiyatia kwenye waya wa kawaida hivyo hivyo, yanapotea baada ya mita chache. Kwa hiyo mbele ya dishi kuna kile kichwa, mafundi wanakiita LNB, kinachoyashusha mpaka megahezi 950 hadi 2,150, ndipo yanaweza kusafiri kwenye waya mpaka sebuleni. Kichwa kile kinahitaji umeme, na umeme unapanda kutoka kwenye kisanduku kupitia waya ule ule. Kisanduku kikipeleka volti 13 kinaomba kundi moja la chaneli, kikipeleka 18 kinaomba kundi jingine.

Mmeona shida? Huwezi kuugawa waya ule kwa vyumba viwili kama unavyogawa maji. Chumba kimoja kinaomba 13, kingine kinaomba 18, na kichwa hakiwezi kuwatii wote wawili. Kila kisanduku kinataka waya wake kutoka dishini. Na kila waya unataka tundu lake.

Ukuta na volti, basi, vilishirikiana kutuweka chumba kimoja, si mapenzi ya familia peke yake. Uhuru wa kila mtu kuangalia chake ulikuwa na gharama: fundi, ngazi, keekee, vumbi.

Tundu la pili lilikuja 2003, vita vya Iraq vilipoanza. Mzee alifunga dishi jingine kwa ajili ya idhaa za Kiarabu, maana satelaiti yake ilikuwa upande mwingine wa anga. Bado sebuleni, na Ramadhani bibi akawa anaangalia tarawehe za Makka. Tundu la tatu nalo sebuleni: visanduku vya kurekodi, vilivyoanza kuuzwa hapa 2001, vilitaka nyaya mbili, moja ya kuangalia na moja ya kurekodi.

Tundu la nne lilikuwa langu. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 15, nimechoka kuwatafsiria watu mpira. Nilifanya kazi Jumamosi, nikanunua kisanduku cha mtumba, nikamwomba ami. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na bibiako atakaa na nani?" Nikamjibu, na nakumbuka nilimjibu kwa Kiingereza. Ami akapanda ngazi, mimi nikausukuma waya kutoka chumbani, naye akaupokea nje.

La tano likafuata, chumba cha wazee, kwa sababu mzee alikuwa na zamu za usiku na alitaka habari zake mchana bila kelele. La sita ni la mdogo wangu, 2008, alipotimiza miaka 8. Hakuomba. Alipewa kwa sababu kila mtu alikuwa nalo.

Bibi alibaki sebuleni na televisheni kubwa kuliko zote.

Kosa ni la nani

Mimi na mdogo wangu tumelelewa na wazee wale wale, nyumba ile ile. Mimi nilipata miaka ya sebule moja. Yeye kumbukumbu zake zinaanzia mlango uliofungwa. Anaelewa "njoo ule", "zima taa" na "shikamoo". Bibi alipofariki mwaka 2015, mdogo wangu alisimama karibu na jeneza akaniuliza kwa Kiingereza, "Unadhani alikuwa ananijua, au alikuwa ananipenda tu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Siwezi kudai kwamba ni waya peke yake. Kulikuwa na skuli iliyowaambia wazee watuzungumzishe Kiingereza. Kulikuwa na zamu za usiku, na baadaye simu ambazo zingetutawanya hata kama ukuta usingetobolewa. Na ninajua familia zenye televisheni kila chumba ambazo watoto wao wanazungumza Kiswahili kunishinda mimi. Lakini nikiangalia nyuma naona kwamba lugha kwetu haikuja kwa mafundisho. Ilikuja kwa sababu watu wa vizazi vitatu walilazimika kugawana kitu kimoja, na ilibidi waelewane. Tulipoondoa ulazima, hatukuweka kitu mahali pake.

Mahakama ya Strasbourg ilisema kweli: kupokea habari na utamaduni wa kwenu ni haki, na mwenye nyumba asikuzibie. Hata hivyo haki ile inaishia kwenye tundu la ukuta. Kukaa pamoja baada ya waya kuingia, hilo tunajihukumu wenyewe.

Lipu

Niliziba matundu matano. Nilivuta nyaya za zamani, nikajaza tundu kwa tabaka mbili, maana ukijaza mara moja lipu linapasuka likikauka, nikasugua kwa msasa. Mchana mzima. Mzee siku hizi anakaa miezi sita Unguja na sita London, kwa hiyo kurudi kwake kumekuwa nusu, na nyumba haikuuzwa. Alinipigia kwa video kukagua. Nikamwonyesha ukuta. "Umeona," akasema, "kama tungechimba usingeweza kuzitoa."

Tundu la kwanza, la sebuleni, mamaangu alinikataza. "Hilo liache. Intaneti inaingia hapo." Kweli, fundi wa faiba alipokuja alipitisha waya wake mwembamba kwenye tundu lile lile la ami, lenye mwinamo wa mvua. Dishi liko nje bado, halina kazi. Sasa kwenye televisheni ya sebule mamaangu anaangalia vipindi vya Unguja kupitia YouTube, Kiswahili kitupu, kitu ambacho madishi yote mawili hayakuwahi kutuletea.

Jioni ile mdogo wangu alipita kutoka kazini. Akakuta vumbi, vyumba vya juu vimefunikwa mashuka, akakosa pa kwenda, akakaa sebuleni nasi. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza, watu wanacheka. Akamuuliza mama, "Kasema nini?" Kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili. Mama akamwambia. Dakika mbili baadaye akauliza tena.

Wikiendi hii ukienda kwa wazee, angalia ukutani nyuma ya televisheni, kisha panda juu uangalie vyumbani. Hesabu matundu. Halafu waulize nani alilitaka lipi, na mwaka gani. Waulize kwa Kiswahili, hata kama kitakwama kooni.